Kisu Mfukoni: Ni Kifaa cha Wera ama Tiketi ya Kuingia Ndani?

Piga picha. Ni saa mbili usiku, umetoka wera na uko steji ya Muthurwa unangoja mathree ya kurudi mtaa. Makarao wawili wanatokea. "We kijana, kuja hapa. Toa kila kitu kwa mfuko." Unatoa simu. Unatoa kitambulisho. Unatoa soo ya nauli. Halafu roho inaruka, ju umekumbuka kwa mfuko wa nyuma kuna kisu cha kukunja.

Asubuhi ulikitumia kuchuna waya za stima. Saa saba ulikatia avo ya kudishi na githeri. Jioni ulikatia kamba ya katoni. Siku nzima kilikuwa kifaa na hakuna mtu alikiangalia mara mbili. Sasa karao amekishika kwa mwanga wa tochi, anakifungua, anakifunga, halafu anakuuliza swali moja: "Hii ni ya nini?"

Venye utajibu hilo swali inaweza amua kama utalala keja ama utalala seli.

Mimi mwenyewe nishawahi kuulizwa. Nilikuwa na kakisu ka funguo, makali yake hayafiki urefu wa kidole cha mwisho. Nikajibu, "Ni ya kukata tu vitu." Hilo lilikuwa jibu baya sana. Nilizungushwa karibu saa nzima, nikaachiliwa, kisu kikabaki huko. Nilienda nyumbani nikijiuliza: kwani sheria inasema nini kuhusu hiki kitu? Nikaanza kusoma. Wacha nikuchanue, ju naona wasee wengi wanabeba kisu bila kujua wako upande gani wa mstari, na shida kubwa ni kwamba huo mstari wenyewe hauonekani.

Nani hubeba kisu Nairobi?

Kabla mtu aseme kisu ni ya wakora, tembea tao kidogo. Msee wa smokie anapasua na kutia kachumbari kwa sekunde tatu. Mama mboga anakatakata sukuma mbele yako. Msee wa miwa hawezi uza bila kisu. Gikomba, beli ya mitumba haifunguki kwa meno. Luthuli, kila duka la simu na redio lina kisu cha kufungulia katoni. Fundi wa stima, fundi wa viatu, rider anayekata kamba ya mzigo, dem anayesomea upishi na amebeba visu vyake kwa begi. Hawa wote ni watu wa kutafuta unga. Wahenga walishasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hapa mtaani hiyo si methali tu, ni kazi.

Halafu kuna kundi la pili. Hawa wameingia kwa YouTube, wakacheki vidio za wasee wa Marekani wakimwaga vitu vya mfuko juu ya meza: tochi, kalamu, pochi, kisu cha kukunja. Inakaa fiti. Unaona mtu anafungua kisu kwa kidole kimoja, unasema hata mimi nataka. Hakuna ubaya. Lakini yule msee anaongea na sheria ya jimbo lake, si ya kwako. Hata huko Marekani, kisu kinachoruhusiwa jimbo moja kinaweza kukushikisha kwa jimbo la jirani. Sasa wewe unaiga kutoka Kayole.

Sheria yetu haina rula

Wasee wengi wanaamini kuna urefu fulani wa kisu ambao ukipita umevunja sheria. Utaskia "inchi tatu", utaskia "isipite kiganja". Zii. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ile Sura ya 63, haipimi kisu cha mfukoni kwa sentimita. Inachouliza ni kama kitu ulicho nacho ni "silaha ya kudhuru", na maana yake ina milango miwili. Wa kwanza: kitu kilichotengenezwa ama kugeuzwa ili kijeruhi mtu. Wa pili: kitu chochote ambacho mwenye kukibeba ana nia ya kujeruhi nacho mtu.

Soma tena huo mlango wa pili. Chochote. Bisibisi inaweza kuingia hapo. Chupa inaweza kuingia hapo. Kisu chako cha avo kinaweza kuingia hapo, na kinachokiingiza ni nia. Lakini nia iko kwa kichwa chako na hakuna mtu anaiona, kwa hivyo sheria inaangalia mazingira. Saa ngapi? Wapi? Ulikuwa na nani? Ulikuwa unafanya nini? Ulisema nini ulipoulizwa?

Kifungu cha 89 kinasema ukiwa na silaha ya kudhuru bila sababu ya maana, katika mazingira yanayoonyesha imetumika ama itatumika kuvuruga usalama wa umma, kifungo ni kuanzia miaka 7 hadi 15. Kifungu cha 308 kinashughulika na maandalizi ya kufanya uhalifu: ukipatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha ulikuwa unaelekea kufanya kosa kubwa, ni miaka 7 hadi 15 vilevile. Hapo bado hujaguza mtu. Bado hujaiba kitu. Umepatikana tu, na mazingira yakasomwa vibaya.

Halafu kuna kile ambacho kila morio anafaa kukijua kwa kichwa: kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu. Mtu akipora kwa nguvu akiwa na silaha hatari, ama wakiwa wawili ama zaidi, ama akimjeruhi mtu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Angalia neno lenyewe: akiwa na silaha. Haisemi lazima aitumie. Kwa hivyo ule upuzi wa kunyang'anya mtu simu, kisu kikiwa kimelala tu kwa mfuko, unaweza kutoka kesi ya kawaida ukafika kesi ya kunyongwa. Utaambiwa Mahakama ya Juu iliondoa hiyo mambo. Hapana, hiyo si ukweli wote. Katika kesi ya Francis Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, korti ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inaenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Ni kweli Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini kukaa jela ukiwa na hiyo hukumu kichwani si maisha.

London wana rula, na bado

Linganisha na Uingereza, ju wengi tuna mabinamu huko. Kule sheria ya mwaka 1988 imeweka namba: kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho bila kuulizwa sababu. Kikipita hapo, ama kikiwa na loki ya kushika makali, lazima uwe na sababu nzuri, la sivyo kifungo kinaweza kufika miaka 4. Kijana wa Peckham anaweza kupima kisu chake kwa rula akajua amesimama wapi.

Je, hiyo namba imemaliza kudungana London? Haijamaliza. Kila mwaka vijana wanazikwa huko kwa sababu ya visu, na vingi ni vya jikoni tu. Kwa hivyo nisikudanganye kwamba tukipata rula tumeomoka. Kitu moja tu ambayo rula inafanya ni kupunguza nguvu za mtu mmoja na tochi kuamua usiku wako. Hapa kwetu, bila namba, uamuzi wa kwanza ni wa karao aliyekusimamisha. Wa hakimu utakuja baadaye, na huenda wakati huo umeshalala ndani na umekosa kazi.

Kisu ni moja, wabebaji ni wawili

Hapa ndipo inauma. Kwa geti za maploti mengi kuna askari wa usiku wa Kimaasai, simi iko kiunoni, rungu iko mkononi. Simi hiyo ni ndefu kuliko kisu chako mara kadhaa. Watu wanampita, wanamsalimia, maisha inaendelea. Na ni sawa, ju kila mtu anaelewa ile simi inafanya nini pale: ni desturi yake na ni kazi yake.

Sasa weka kakisu kadogo kwa mfuko wa kijana wa Mathare, rasta kichwani, hudi nyeusi, saa tatu usiku. Kabla afungue mdomo, risto yake ishaandikwa na mtu mwingine. Simi ina risto inayojulikana. Kijana hana. Ndio maana nakuambia ukibeba kisu Nairobi, chuma yenyewe ni nusu tu ya mzigo. Nusu ingine ni maelezo, na hayo lazima yaonekane hata kabla hujaulizwa.

Hiyo si haki. Katiba haisemi rasta ni ushahidi. Ibara ya 31 inalinda mwili wako, nyumba yako na mali yako zisipekuliwe ovyo. Lakini nakuandikia venye mtaa iko, si venye ingefaa kuwa.

Siku ya maandamano, kiache keja

Hii nitaisema bila kuzungusha. Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Hayo maneno mawili, "bila silaha", ndiyo mlango ambao haki yako inaweza kutorokea. Sheria ya Utulivu wa Umma nayo inafanya kuwa kosa kuwa na silaha ya kudhuru kwenye mkutano ama maandamano.

Kumbuka Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024. Vijana walijaa tao na simu, maji na bendera, na nguvu yao ilikuwa hapo: mikono mitupu. Dunia nzima iliona. Sasa kumbuka tarehe 17 Juni 2025, wakati wasee wenye rungu na mijeledi walionekana tao wakichapa waandamanaji. Kila mtu aliuliza hawa ni nani na mbona hawashikwi. Hilo swali lina uzito tu kama upande wako hauna chuma. Kisu kimoja kikitoka kwa mfuko mmoja, picha moja inapigwa, na kesho yake hakuna mtu anabonga kuhusu ushuru ama wenye walipigwa risasi. Wanabonga kuhusu kisu chako.

Kwa hivyo hata kama wewe ni fundi na umetoka mjengo moja kwa moja, peleka vifaa nyumbani kwanza. Na kama unajua barabara za kuingia tao zimefungwa, kama ilivyokuwa Saba Saba ya 2025, pekua begi lako mwenyewe kabla upekuliwe.

"Lakini mimi nabebea usalama"

Najua. Umepigwa ngeta mara mbili, umeporwa simu ambayo bado unalipa pole pole kila siku, umechoka. Lakini nipe dakika.

Kwanza, hilo jibu ndilo linakumaliza. Ukisema "ni ya kujikinga", umekubali kwa mdomo wako kwamba uko tayari kudunga mtu. Kumbuka ule mlango wa pili: kitu chochote chenye nia ya kujeruhi. Umempa karao nia bila yeye kuitafuta.

Pili, kujitetea ni haki, lakini ina kipimo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima kujitetea kwa misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza, na maana yake kwa lugha ya mtaa ni hii: nguvu uliyotumia iendane na hatari iliyokuwepo. Mtu amevuta begi anakimbia, wewe umfuate umdunge mgongoni, hapo umeacha kujitetea. Kumuumiza mtu vibaya, kifungu cha 234, kunaweza kukupa kifungo cha maisha. Simu inanunuliwa tena.

Tatu, mechi yenyewe haiko venye inakaa kwa movie. Ngeta inatoka nyuma, na wao huwa zaidi ya mmoja. Utakuwa bado unatafuta mfuko wakati shingo ishabanwa. Na kisu ukikitoa wakakishinda, kisu ni chao sasa.

Nne, na hii ndiyo inanitisha zaidi: umati. Unajua venye neno "mwizi!" linafanya kwa mtaa. Mtu anapiga kelele, watu wanakimbia, wanamshika kijana wa kwanza anayekimbia pia. Wakimpekua wapate kisu, nani atamskiza? Umati hauulizi kifungu cha 308. Hauulizi kama ulikuwa unakatia avo. Mawe yanatafutwa na tairi inakuja. Wasee wameenda hivyo, na wengine hawakuwa wameiba kitu.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya kubeba kisu ni hii: kama sababu yako ni kuogopa watu, usikibebe. Tembea na mbogi, badilisha njia, shuka steji yenye mwanga, wape simu. Kisu ni cha kukata vitu.

Chagua hivi

Haya, wewe una kazi ya kukata vitu. Unanunua nini?

Angalia kinakaa aje kabla uangalie kinakata aje. Kisu kinachoongea kazi ni kidogo, cha kukunja, makali upande mmoja, mpini wa mbao ama wa rangi inayoonekana. Epuka kile chenye makali pande zote mbili, kile kinachoruka kwa springi, kile cha kuzungusha kama kipepeo, na kile cheusi chenye mafuvu kimeandikwa maneno ya vita. Kwa ule mlango wa kwanza wa sheria, "kilichotengenezwa ili kijeruhi mtu", hivyo vinaingia bila kubisha hodi. Njora usiifikirie hata.

Historia inasaidia hapa. Kile kisu chekundu chenye msalaba, cha Victorinox, kilianzia kwa fundi anaitwa Karl Elsener, aliyefungua karakana yake Uswisi mwaka 1884 na kuanza kuuzia jeshi visu mwaka 1891. Askari walihitaji kufungua mikebe na kufungua bunduki kwa skrubu. Mwaka 1897 akasajili kile chenye vifaa vingi, na kizibuo cha chupa ndani. Kimetoka jeshini, lakini leo ukikitoa watu wanaona mkasi na kibanio, hawaoni vita. Opinel ya Ufaransa, ya tangu 1890, ni mpini wa mbao tu na kipete cha kufunga makali, na wakulima wameitumia kwa mkate na jibini zaidi ya karne.

Halafu kuna Okapi. Hiki kilitengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuuzwa kwa makoloni yake ya Afrika, baadaye utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Ni kisu cha bei nafuu cha mfanyakazi. Lakini huko Afrika Kusini kilishikwa sana na magenge mpaka jina lake likachafuka, na mkulima anayekatia matunda nacho anaangaliwa vibaya. Hivyo ndivyo kisu kinachoma picha ya mtu asiye na hatia.

Urefu: makali ya sentimita 6 hadi 8 yanatosha kwa karibu kila kitu cha kila siku, kutoka embe hadi katoni. Ukihitaji zaidi, unahitaji kisu cha jikoni, na hicho kikae jikoni.

Chuma: ukikata ndimu, nanasi na miwa kila siku, chukua stenlesi, ju chuma cha kawaida kitashika kutu haraka. Chuma cha kawaida kinanoleka poa, lakini lazima ukipanguse na kukipaka tone la mafuta ya kupika.

Loki: inalinda vidole vyako, makali yasijifunge ukiwa unasukuma. Kama unachuna waya ama kukata kamba ngumu, loki ni ya maana. Ukiwa dukani, kifungue, gusa mgongo wa makali na ubonyeze kidogo. Kikicheza, kirudishe. Vile vya bei ya kutupa vinavyouzwa kando ya barabara mara nyingi vina loki inayoteleza, na siku itateleza kidole kitakuwa njiani.

Kitu kingine: jiulize kama kweli unahitaji kisu. Fundi wa simu anaweza kuridhika na mkasi mdogo. Msee wa katoni anaweza kupata kikata karatasi chenye makali madogo ya kuvuta. Fundi wa kila kitu achukue koleo la kukunja lenye bisibisi ndani, aina ya ile Tim Leatherman alianza kuuza mwaka 1983. Ukilifungua mbele ya mtu, kazi yako inaonekana.

Na kinolewe. Kisu butu ndicho hukata mwenyewe, ju unakisukuma kwa nguvu kikateleza. Usisugue kwa simiti ya ngazi. Tafuta jiwe la kunolea, lilowe maji, inamisha makali kidogo tu, kama digrii 20, peleka pande zote mbili sawa. Huna jiwe? Geuza kikombe cha udongo, ule ukingo wa chini usiong'aa unasaidia. Ama ngoja yule msee wa baiskeli anayepita mtaani akinoa. Na kisu kikianguka, rudisha mikono na miguu nyuma. Usikidake.

Beba hivi

Kisu kikae na kazi yake. Kiweke ndani ya begi pamoja na vifaa vingine, kimefungwa, kimefunikwa kwa kitambaa ama ala. Kisu pamoja na testa, tepu na koleo ni begi la fundi. Kisu peke yake kwa mfuko wa hudi ni swali. Kama una kitambulisho cha kazi, risiti ya vifaa ama ujumbe wa mteja kwa simu, viwe karibu.

Kazi ikiisha, kisu kiishe. Usiende nacho base, klabu, mechi ya mtaa ama mahali kuna pombe. Watu wengi waliodungana walikuwa mabeste saa mbili kabla.

Jua milango. Tangu Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, askari wa mall wanapekua begi, na kisu kitakurudisha nje. SGR pale Syokimau kuna mashine na mbwa, na kisu hakipandi. Uwanja wa ndege, kiweke kwa mzigo unaoingia chini ya ndege, kisiwe kwa begi la mkononi, la sivyo ukiage. Shuleni, kortini na hospitalini, usijaribu.

Ukisimamishwa, sema mapema na usiguze. "Afande, mimi ni fundi wa stima, kwa begi kuna vifaa vyangu na kisu cha kuchuna waya. Natoka kazi pahali fulani." Mikono ionekane. Usikitoe mwenyewe, ju kwa macho ya mtu mwenye bunduki, mkono unaotoka mfukoni na chuma ni hadithi nyingine. Linganisha hilo jibu na langu la "kukata tu vitu". La kwanza lina kazi, lina mahali, lina sababu. Langu halikuwa na kitu.

Ukishikwa, Ibara ya 49 iko nawe: uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa, una haki ya kunyamaza, una haki ya kuongea na wakili na watu wako, na ufikishwe kortini kabla ya masaa 24 kupita, isipokuwa kama muda huo umeisha wakati korti haijakaa. Dem anapekuliwa na mwanamke, kwa heshima. Bondi ya polisi haina malipo. Usipigane, usitukane, na usitie sahihi kitu hujasoma.

Nini kinafaa kubadilika

Nimekupa mbinu za kuishi na hii sheria, lakini mbinu si haki. Sheria inayotegemea mazingira si mbaya yenyewe, ju hata kisu kidogo kinaweza kuua, na hakuna namba itaona nia ya mtu. Shida ni kwamba mazingira ya mtoto wa Eastlands yanasomwa vibaya kabla aanze. Hudi, saa za usiku, mtaa anatoka: hivyo vyote vinageuzwa ushahidi, na ni maisha yake tu ya kawaida. Msee wa smokie anafunga kazi saa nne usiku. Hiyo ndiyo saa yake ya kutembea na kisu. Atafanya nini?

Bunge likiwa linagusa sheria za utulivu wa umma, kitu kimoja cha kuuliza mjumbe wako ni hiki: je, kifaa cha kazi kinaweza kutajwa wazi kama sababu halali? Mistari miwili tu. Kwamba mtu anayebeba kifaa cha kazi yake, kimefungwa, akienda ama akitoka kazini, asichukuliwe kuwa na silaha mpaka kuwe na ushahidi mwingine. Hiyo haitamsaidia mkora hata kidogo. Itamsaidia fundi, mama mboga na yule dem wa upishi.

Mpaka hiyo siku, jibu ni lako. Usiku wa leo kabla ulale, toa kila kitu kwa mfuko na kwa begi, weka kwa kitanda, halafu jiulize lile swali la karao: "Hii ni ya nini?" Kama una jibu la kazi, la mahali na la sababu, kirudishe kwa begi, kimefungwa. Kama jibu lako ni "vitu tu", kiache kwa droo ya jikoni na uende zako. Kaa rada.